Malengo ya kanisa na kalenda ya dagaa

Bango lilikuwa ukutani, juu kidogo ya viti vya wazee: "Washirika 1,000 ifikapo Desemba." Halikusema Desemba ya mwaka gani. Nilipouliza, shemasi mmoja akacheka: "Mwalimu, hiyo Desemba huwa inakuja kila mwaka."

Wananiita mwalimu, ingawa si mchungaji na theolojia sikuisomea. Kazi iliyonilisha ilikuwa ya mipango: kukaa na watu, kuwauliza wanataka kufika wapi, wana nini mkononi, nani atafanya nini na lini. Tangu nistaafu naitwa na mabaraza ya wazee hapa Mwanza, kuanzia Buhongwa mpaka upande wa Igombe, na mara mojamoja ng'ambo Sengerema, niwasaidie kuandika malengo. Madhehebu ni tofauti, nyimbo tofauti, hata chai inayotolewa baada ya kikao ni tofauti. Bango nalikuta karibu kila mahali.

Namba yenyewe haina kosa. Shida ni kwamba hakuna mtu anayeweza kuamka Jumanne akafanya "washirika 1,000". Anachoweza kufanya Jumanne ni kwenda kumwona mama ambaye hajaonekana ibadani Jumapili tatu. Hilo unaweza kulipanga, ukampa mtu, na kikao kijacho ukamuuliza amefikia wapi. Paulo aliliweka sawa zamani: "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu." Kupanda na kutia maji ndiyo zamu yetu, na zamu hupangwa. Sisi tunaacha zamu yetu, tunaandika bango kuhusu zamu ya Mungu.

Kuna mzee aliyenipinga vikali kwenye semina. Akasimama na Biblia yake: "Daudi aliwahesabu watu, ikaja tauni." Hoja yake nzito, naiheshimu, maana nimeona wachungaji wanaohesabu vichwa kwa kiburi kilekile cha Daudi. Nikamuuliza kuhusu yule mchungaji wa kondoo 100: asingehesabu, angejuaje kwamba mmoja hayupo? Halafu nikamuuliza, kwa kuwa naye alikulia machungani kama vijana wengi wa Usukumani, jioni alijuaje kwamba ng'ombe wametimia. "Ng'ombe tulikuwa tunawajua kwa rangi," akasema, kisha akatabasamu kwa kuwa ameona ninakoelekea. Hesabu ninayoitaka ndiyo hiyo, ya kumjua kila mmoja kwa rangi yake.

Sasa niseme jambo ambalo huwa linawakera wazee kidogo. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Mwanza na watu 2,772,509. Ya 2022 ikaukuta na 3,699,872. Hilo ni ongezeko la kama asilimia 33 kwa miaka 10. Tuseme kanisa lilikuwa na washirika 300 mwaka 2012, na 2022 likafanya sherehe kwa sababu wamefika 360. Ili kwenda sawa tu na mji unaolizunguka, lilitakiwa kuwa na 400. Watoto waliozaliwa na watu waliohamia mitaa mipya walipita mlangoni pake, na ndani wakawa wanapiga vigelegele. Kama kuna takwimu moja ya kupeleka barazani, mimi ningepeleka hiyo kabla ya ripoti ya sadaka.

Kisha naomba kitabu cha washirika. Hapo ndipo penye elimu. Upande wa kuingia umejaa: ubatizo, kubarikiwa, waliokuja kwa barua kutoka usharika mwingine. Upande wa kutoka kuna vifo, basi. Ukikisoma kitabu kama kilivyo, utaamini kwamba Mkristo wa Mwanza hatoki kanisani ila kwa jeneza. Na wote mle ndani wanajua kijana wa kwaya alikwenda Geita kwenye dhahabu, binti wa mzee fulani aliolewa Magu, na familia nzima ya safu ya tatu siku hizi inasali kwingine na haikuaga mtu. Makanisa ya Nyegezi na Malimbe, jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, yanajaa na kupwa kwa ratiba ya chuo, lakini ukiuliza ni wanafunzi wangapi waliomaliza wakaondoka na barua ya utambulisho mkononi, kimya.

Zoezi langu la kwanza ni la mchana mmoja na halina gharama zaidi ya soda. Katibu anasoma jina, wazee wanajibu: yupo, amehama, amefariki, hatujui. Sijawahi kuona orodha ya "hatujui" ikiwa fupi. Mahali pengine wazee wanaanza kusoma kwa utani na kufikia katikati hakuna anayecheka, kwa sababu jina lililosomwa ni la mtu aliyesimamia harusi ya mmoja wao. Orodha hiyo ndiyo naiita lengo la kwanza: ndani ya miezi mitatu kila jina lihame kutoka "hatujui" kwenda kwingine. Kila mzee anachukua majina kumi, anapiga simu, anapanda bodaboda. Wengine watagundua kwamba mtu aliondoka kwa kinyongo, na kinyongo chenyewe kinamhusu mzee aliyepewa jina lake. Hapo tunabadilishana majina.

Sasa niende kwenye mwalo, yaani ufuko ambako wavuvi hushusha samaki, maana huko mimi ndiye niliyefundishwa. Kanisa moja la wavuvi na wachuuzi wa dagaa lilikuwa na mwinjilisti aliyekata tamaa. Mahudhurio yanapanda wiki mbili, yanaporomoka, yanapanda tena. Alikuwa ameshafunga na kuomba, ameshabadilisha kiongozi wa kwaya, ameshahubiri juu ya uvuguvugu. Mimi nikachora mistari na asilimia zangu, sikuona kitu. Aliyetufungua macho ni mama mmoja muuza dagaa, na alisema kama mtu anayeshangaa kwamba tunauliza: "Si giza hilo?"

Asiyekulia ziwani aelezwe: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri usiku usio na mwezi. Siku hizo wavuvi wanaziita giza. Wanaume wanakesha majini, mitumbwi inarudi alfajiri, na asubuhi ile ile wanawake wanapokea na kuanika mchangani na kwenye mawe, wakigeuza na kuwafukuza ndege. Ibada ya saa tatu asubuhi inawataka watu ambao mikono yao imejaa riziki ya mwezi mzima. Mbalamwezi ikitoka taa hazina nguvu, nyavu zinapumzika, na kanisa linajaa. Mwinjilisti alikuwa anakemea mwezi!

Kilichoandikwa pale baada ya hapo kilikuwa kifupi. Jumapili za giza ibada iwe saa tisa alasiri, dagaa wakishakauka. Ripoti ilinganishe giza na giza, mbalamwezi na mbalamwezi. Na mvuvi anayehamia kambi ya visiwani kufuata samaki asafiri na barua, na awepo mtu mmoja wa kumpigia simu. (Ndugu zetu Wasabato wana shida ileile, ila yao inaangukia Jumamosi.) Kanisa la ufuko huu limejengwa na watu wanaopita tangu mwanzo, wamisionari wa Anglikana waliofika Kageye mwaka 1877 walikuwa safarini kwenda Buganda. Kumhesabu msafiri kuwa mwasi ni kusahau tulikotoka.

Kuhusu fedha sisemi mengi. Ujenzi ukiwa ndani ya mpango, utakula malengo mengine yote, kwa hiyo nashauri uwe na kamati yake na daftari lake. Na ahadi zisikusanywe Januari, mwezi wa ada na sare za shule. Mkulima wa pamba mwulizeni akishauza.

Malengo yawe mangapi? Matatu. Baraza moja lilinionyesha 27, yamechapwa vizuri na kufungwa kwa jalada la plastiki. Nikamwomba mwenyekiti ayataje bila karatasi. Alifika la nne, akaanza kurudia la kwanza kwa maneno mengine.

Nilipita tena kwenye kanisa la mwalo mwaka uliofuata. Binti anayehesabu watu mlangoni alinionyesha daftari lake: tarehe, wanaume, wanawake, watoto. Pembeni alikuwa ameongeza safu ambayo hakuna aliyemwelekeza, ya viduara vidogo, vingine amevipaka wino mweusi, vingine ameviacha wazi. Giza na mbalamwezi. Baraza sasa linalifungua daftari hilo kabla ya ajenda ya kwanza. Lile bango la wenzao wa mjini, la washirika 1,000, nasikia bado lipo. Wanasubiri kupaka rangi.