Jieban: binti anapopokea zamu ya baba

Kwa Kichina jieban ni kupokea zamu: jie ni kupokea, ban ni zamu, ile ile ya kiwandani. Katika biashara ya familia, ni mtoto kushika uongozi wa mwasisi. Zamani zamu hiyo ilikuwa ya mtoto wa kiume, maana binti alihesabiwa kuwa ataolewa aende kwa watu. Sera ya China ya mtoto mmoja, iliyoanza 1980 ikakoma mwishoni mwa 2015, ilivuruga hesabu hiyo. Matajiri wengi wa viwanda walizeeka wakiwa na binti tu.

Sheria haimzuii binti; tangu 1985 sheria ya mirathi inampa haki sawa na kaka yake. Ugumu ni kwamba cheo, hisa na heshima ya wazee wa kampuni haviji siku moja.

Hisa ndizo zinazoumiza kichwa. Chukua mwasisi mwenye asilimia 60, zote alizichuma ndani ya ndoa, afe bila wosia akiacha mke, binti mmoja na mama yake mzazi. Kwanza mjane anachukua nusu yake ya mali ya ndoa, asilimia 30. Zilizobaki wanagawana watatu, kumi kumi. Mjane ana 40, bibi ana 10, na binti anayetarajiwa kuongoza ana 10. Akiwa ameolewa, hata hizo kumi ni mali ya pamoja na mumewe, isipokuwa wosia utamke wazi kwamba ni za binti peke yake. Sentensi hiyo moja ikisahaulika, talaka inaweza kumtoa mkwe na hisa mkononi.

Cheo bila hisa ni kiti cha kuazima. Zong Qinghou, mwasisi wa kampuni ya vinywaji ya Wahaha, alifariki Februari 2024, na mwaka huo huo binti yake Zong Fuli akawa mwenyekiti. Lakini fungu la baba lilikuwa asilimia 29.4 tu, serikali ya wilaya ya Shangcheng mjini Hangzhou ilikuwa na 46, na chama cha wafanyakazi 24.6. Kubadili katiba ya kampuni kwa kawaida kunahitaji theluthi mbili ya kura, kwa hiyo mwenye 29.4, asiyefika theluthi moja, hawezi hata kuzuia. Mwaka 2025 binti alijiuzulu.

Heshima ya wazee hainunuliwi kwa wosia. Liu Yonghao wa New Hope, kampuni ya chakula cha mifugo iliyoanzia Sichuan, alilijua hilo mapema. Binti yake Liu Chang aliwahi kufanya kazi humo kwa jina la bandia, Li Tianmei, asitambulike kuwa mtoto wa bosi. Alipopewa uenyekiti wa New Hope Liuhe, kampuni tanzu ya New Hope, mwaka 2013, aliwekewa pembeni profesa wa uongozi, Chen Chunhua, kama mwenyekiti mwenza na mtendaji mkuu. Chen alikaa miaka mitatu, akaondoka.