Je, mtoto anaweza kuwa na mama watatu na asiwe na hata mmoja?

Anaweza, na imeshatokea. Julai 25, 2008, mtoto wa kike alizaliwa Anand, mji wa jimbo la Gujarat, India, uliovuma kwa kliniki za kubebeana mimba. Mbegu ilikuwa ya mwanamume Mjapani. Yai lilitolewa na mwanamke asiyetajwa jina. Mimba ikabebwa na mwanamke mwingine, kwa malipo. Mke wa yule Mjapani ndiye aliyetarajiwa kulea, lakini waliachana mwezi mmoja kabla ya mtoto kuzaliwa, na mke huyo akajitoa.

Ubalozi wa Japani ulikataa kutoa pasipoti: sheria ya kwao inasema mama ni yule aliyezaa, na aliyezaa ni Mhindi. India nayo ilikwama kwenye cheti, maana haikujua iandike mama yupi. Baba akataka kumuasili binti yake mwenyewe, akaambiwa kwamba kwa sheria ya India mwanamume asiye na mke haruhusiwi kuasili mtoto wa kike. Viza ikamwishia, akarudi kwao. Ikabidi mama yake mzazi, bibi wa miaka 70, aje kulea mjukuu ugenini. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya India, na Novemba mtoto akasafiri kwa hati isiyo na jina la mama wala uraia.

Kwa nini sheria ilishindwa? Kwa sababu tangu zamani baba ndiye aliyetafutiwa ushahidi. Mama hakuhitaji, mkunga alimwona akizaa. Maabara ilipolitenganisha yai na tumbo, kanuni hiyo ikakosa pa kushika, na kila nchi ikajibu kivyake. Italia, kwa mfano, tangu 2024 humshtaki hata raia wake aliyebebewa mimba nje ya nchi.

Swali la haki ni gumu zaidi. Mwaka 1985 Margaret Atwood, mwandishi wa Kanada, alitoa riwaya The Handmaid's Tale, kuhusu taifa ambalo wanawake wenye uwezo wa kuzaa hugawiwa wakubwa ili wawazalie. Wazo hilo alilichota katika Biblia, Mwanzo 30, pale Raheli anapompa mumewe Yakobo mjakazi wake Bilha amzalie. Isomeni sura hiyo polepole. Raheli anasema, Raheli anafurahi, Raheli anampa mtoto jina la Dani. Bilha hatamki neno.

Wanawake wa Anand walisaini mikataba, na fedha zile ziliweza kujenga nyumba au kusomesha watoto. Siwezi kuwaita watumwa. Lakini wengi walikaa miezi ya mimba katika bweni moja, mbali na watoto wao, na hilo linaniumiza.

Sheria ya India ya 2021 ikapiga marufuku malipo: mbebaji awe na miaka 25 hadi 35, awe ameshaolewa na ana mtoto wake, abebe mara moja tu, na asipate chochote zaidi ya matibabu, bima na gharama zilizoainishwa kisheria. Inasifiwa kwamba imeondoa biashara. Mimi namfikiria shemeji anayeombwa na ukoo mzima abebe bure, ambaye hana pa kukatalia. Bilha naye hakulipwa.