Polinesia si kila kisiwa cha Pasifiki

Polinesia ni eneo la Pasifiki ambalo wenyeji wa visiwa vyake wanazungumza lugha za tawi moja, Kipolinesia. Ramani huichora kama pembetatu: Hawaii kaskazini, New Zealand kusini-magharibi, Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka) mashariki, kila upande kiasi cha kilomita 7,000.

Kinachovuruga watu ni jina. Ni la Kigiriki, "visiwa vingi", na Mfaransa Charles de Brosses alipolitumia mwaka 1756 alikusudia visiwa vyote vya bahari hiyo. Kwa hiyo anayeiita Papua, kisiwa kikubwa kaskazini mwa Australia, Polinesia hajabuni kosa, amechelewa tu karne mbili na ushei. Mwaka 1831 Jules Dumont d'Urville, afisa wa jeshi la maji la Ufaransa, alilipunguza eneo, akatenga Mikronesia, "visiwa vidogo", na Melanesia. Hili la mwisho ndilo linaloudhi. Melas kwa Kigiriki ni "nyeusi", na weusi wenyewe si wa visiwa: aliangalia ngozi za watu. Majina mawili yanaeleza visiwa, moja linaeleza ngozi, nasi tunayapanga kama mafiga ya jiko moja. Ukiyafuata neno kwa neno utapotea. Visiwa vya Solomon ni mamia kwa mamia, lakini hesabu yake ni Melanesia. Tokelau ni vipande vitatu vya matumbawe, vidogo kweli kweli, navyo ni Polinesia.

Kipimo kinachofaa ni lugha. Nyumba ni fale huko Samoa na Tonga, fare Tahiti, whare kwa Wamaori, wenyeji wa New Zealand, hare Rapa Nui, hale Hawaii. Angalia tu neno moja lisikuteke: Wafiji husema vale, ila lugha yao ni jirani wa tawi hilo, haimo ndani yake. Kiswahili na Kikuyu nazo zote zina nyumba, wala si lugha moja.

Rula nayo hudanganya. Ivute kutoka Honolulu hadi ncha ya kusini ya New Zealand, na Tuvalu inabaki nje, ingawa wenyeji wake ni Wapolinesia. Wachoraji hulazimika kupinda mstari hapo. Mbali zaidi magharibi kuna Tikopia na Rennell, ndani ya Visiwa vya Solomon, na Kapingamarangi, ndani ya Shirikisho la Mikronesia. Lugha za huko ni za Kipolinesia. Pembetatu haizifikii kabisa.

Na Bora Bora, kile kisiwa cha watalii? Kimo Polinesia, ndiyo. Ila matangazo ya safari yakisema "Polinesia" mara nyingi huwa na maana ya Polinesia ya Ufaransa: makundi matano ya visiwa, makao makuu Papeete. Samoa na Tonga ni nchi huru, hazimo humo. Ukitaka kuzitaja Papua, Fiji, Kiribati na Tahiti kwa mkupuo mmoja, sema tu visiwa vya Pasifiki.