Je, kanisa lako utalijua Jumapili ya kwanza?

Wengi wanaamini kwamba kanisa linalokufaa utalitambua siku ya kwanza: ukiingia tu, moyo unatulia, usipotulia, hapo si pako. Ni imani inayoeleweka, hasa kwa aliyehama au aliyeumizwa alikotoka.

Hata hivyo, ukaribu kati ya watu hujengwa kwa kuonana mara kwa mara. Siku ya kwanza unaona ya juujuu: kwaya, mahubiri, salamu za mlangoni. Hujui bado nani atakuja kukujulia hali ukiugua. Wala kasoro unazoziona hazimaanishi kwamba hapo si kanisa: waumini wa Korintho, mji wa Ugiriki, katika karne ya 1, waliandikiwa barua iliyokemea mafarakano yao, na bado barua hiyohiyo inawaita kanisa. Neno la Kigiriki lililotumika, ekklesia, maana yake ni kusanyiko la watu.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Rudi Jumapili nne au tano, na ibada ikiisha usikimbilie mlango. Nenda kwenye jumuiya ndogo au mazoezi ya kwaya, maana huko ndiko watu hujuana kwa majina. Omba kazi, hata ya kupanga viti. Kisha angalia: maswali yanapokelewa? Matumizi ya sadaka yanasomwa hadharani? Usipofika wiki moja, kuna anayekuulizia? Kwangu mimi, hili la mwisho lina uzito kuliko mahubiri matamu.

Ila ugeni ni kitu kimoja na hatari ni kingine. Ukishinikizwa kutoa fedha au kujitenga na ndugu zako, usisubiri Jumapili ya tano.