Optiki tendaji na optiki badilifu: kioo cha darubini kinavyorekebishwa

Usiku wa Julai pale Uyole, ukiwa umejikunyata mbele ya jiko la mahindi ya kuchoma, tazama taa ya duka la ng'ambo kwa kupitisha macho juu ya makaa. Inacheza. Hakuna aliyeigusa, ni hewa ya moto inayopanda na kuupinda mwanga. Nyota nazo humeta kwa sababu ya hewa, ila hiyo ni ya kilomita nyingi juu yetu.

Hewa ni adui mmoja wa darubini kubwa. Wa pili ni uzito wa kioo chenyewe, na dawa zao watu huzichanganya: optiki tendaji ni ya uzito, optiki badilifu ni ya hewa.

Tuanze na uzito. Mafundi wawili wakibeba bati refu, linabonyea katikati. Wakiliinamisha, umbo linabadilika tena. Kioo kikubwa nacho hupinda kila darubini inapogeuzwa. Zamani kilitengenezwa kinene ili kisipinde, lakini kikawa mzigo, tena hakipoi upesi jua likizama. Optiki tendaji inafanya kinyume: kioo kiwe chembamba, kisha kishikiliwe kwa nyuma na jeki zinazoendeshwa na kompyuta. Kompyuta inasoma taswira ya nyota, inaona ilipoharibika, inaiambia kila jeki isukume au ilegee. Mtaalamu wa darubini Raymond Wilson na wenzake walionyesha kwamba inawezekana mwaka 1989, kwenye kituo cha darubini cha La Silla nchini Chile, kwa kioo cha mita 3.58. Leo kule Paranal, kituo kingine cha darubini Chile hiyohiyo, vipo vioo vinne vya mita 8.2, kila kimoja na unene wa sentimita 18 hivi na jeki 150 mgongoni. (Paranal iko mita 2,635 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na uwanda wetu wa Kitulo. Tofauti ni kwamba wao wako jangwani; Kitulo ukungu ungewakatisha tamaa.)

Kwenye darubini ya Keck, Hawaii, kioo cha mita 10 kimeungwa kwa vipande 36 vya pembe sita. Sensa za pembeni hupima kama kipande kimepanda kuliko jirani yake, na marekebisho hufanyika mara mbili kwa sekunde, kwa vipimo vya nanometa (sehemu moja ya bilioni ya mita).

Kwa hewa, kasi hiyo ni ya kobe. Hapo ndipo inapoingia optiki badilifu, aliyoipendekeza mwanaastronomia Horace Babcock mwaka 1953, kabla kompyuta za kuiwezesha hazijapatikana. Kioo kingine chembamba huwekwa kwenye njia ya mwanga na kukunjwa mamia ya mara kwa sekunde, kikipinda kinyume cha hewa ilivyoupinda mwanga. Mimi naona huu ndio ufundi wenyewe.

Kupima hewa kunahitaji nyota angavu karibu na unachokitazama. Isipokuwepo, wanatengeneza: leza inarushwa hadi kilomita 90 hivi juu, kwenye tabaka la sodiamu, nayo inawaka kama nyota ya njano. Ndege ikikaribia mwali huo, leza huzimwa mpaka ipite.