Msongo wa mawazo na mafuta ya tumboni: angalia vipokezi

Watu wawili wanaweza kuwa na kiasi kilekile cha kotisoli, homoni ya msongo wa mawazo, katika damu, mmoja akaota kitambi na mwenzake asiote. Kipimo cha damu hakiwezi kueleza yote, kwa sababu homoni haifanyi kazi mpaka ishike kipokezi chake, yaani protini ya seli inayopokea ujumbe wake, na seli za mafuta zina vipokezi vya namna nyingi.

Mtu akishtuka, adrenalini hutangulia. Hushika vipokezi vya beta, na seli za mafuta huachia akiba yake iende kwenye damu ili misuli ipate nguvu. Hofu ya dakika chache, basi, hainenepeshi mtu.

Msongo usiokwisha ni habari nyingine. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, huendelea kumwaga kotisoli, na mafuta yanayozunguka matumbo yana vipokezi vyake vingi kuliko mafuta yaliyo chini ya ngozi. Hapo kotisoli ikishirikiana na insulini, seli hujaza mafuta na seli changa hukomaa kuwa seli za mafuta. Wenye ugonjwa wa Cushing, ambao kotisoli yao imepita kiasi, huonyesha jambo hili waziwazi: tumbo na uso hunenepa huku mikono na miguu ikikonda.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba mafuta yenyewe hujitengenezea kotisoli. Yana kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kiitwacho 11-beta-HSD1, kinachogeuza kotisoni isiyo na nguvu kuwa kotisoli kamili palepale ilipo. Mwaka 2001 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya panya waliozidishiwa kimeng'enya hicho kwenye seli za mafuta tu. Walinenepa tumboni na insulini yao ikapungua makali, ilhali homoni ya aina hiyo haikuongezeka katika damu ya mwili wao kwa jumla.

Dawa za steroidi kama prednisoloni hushika vipokezi hivihivi vya kotisoli, kwa hiyo anayezitumia kwa muda mrefu anaweza kunenepa tumboni hata kama hana mawazo yoyote. Asiziache ghafla: tezi zake huenda zimelala, na mwili ukakosa kotisoli kabisa, jambo ambalo ni hatari kwa maisha. Daktari ndiye wa kumpunguzia dozi polepole. Vidonge vinavyotangazwa mitandaoni kuwa "hukata kotisoli" mimi simshauri mtu kuvinunua.