Skana "haisomi kidole": kusoma si kutambua

Neno "haisomi" limebebeshwa mzigo usio wake. Simu ikigoma kufunguka, haisomi. Kompyuta ikidai hakuna skana yoyote, haisomi. Mashine ya mahudhurio ikimkataa mtu mmoja huku wenzake wote wakipita salama, nayo eti haisomi. Hayo ni matatizo matatu, kila moja lina chanzo chake, na dawa ya moja haigusi jingine. Ndiyo maana utamkuta mtu anasugua kioo cha skana kila asubuhi ilhali draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa, ndiyo iliyotoweka, au ananunua skana mpya wakati kilichochakaa ni usajili wake mwenyewe.

Maana kwanza, kwa ufupi. Skana ya alama za vidole huchukua picha ya matuta na mabonde ya ngozi kwenye ncha ya kidole. Programu huigeuza picha hiyo kuwa kiolezo, yaani data ya vitu kama mahali tuta linapokoma au kugawanyika, kisha hukilinganisha na kiolezo kilichohifadhiwa siku ya kusajili. Kuchukua picha inayofaa ndiko kusoma. Kulinganisha na kupata jibu la "ndiye" ndiko kutambua. Na kabla ya yote mawili, mfumo lazima ujue kwamba kuna kifaa.

Tofauti hii si ya watu wanaopenda kubishana juu ya maneno. Imo ndani ya programu zenyewe. Kwenye Linux, ukiandika fprintd-verify, amri ya kujaribu kidole, na kuweka kidole, jibu haliji kuwa "imeshindikana" tu. Linaweza kuwa verify-retry-scan au verify-finger-not-centered, maana yake picha haikufaa, weka tena. Linaweza kuwa verify-no-match: picha imechukuliwa vizuri, imelinganishwa, na si wewe. Au verify-disconnected: kifaa kimekatika katikati ya kazi. Majibu ya aina tatu kwa kitendo kilekile cha kuweka kidole. Simu nyingi nazo hutofautisha kwa maandishi madogo chini ya kioo, "safisha skana" au "haijatambuliwa", lakini nani huyasoma?

Wapimaji wa mifumo ya bayometriki, yaani ya kutambua watu kwa maumbile yao, nao hutenganisha viwango viwili: kiwango cha kushindwa kupata picha, na kiwango cha kutolingana kimakosa baada ya picha kupatikana. Tuseme mashine inashindwa kupata picha mara 2 kati ya 100, na kati ya picha nzuri inakosea kukataa mara 3 kati ya 100. Anayesimama mlangoni huona kitu kimoja tu, kukataliwa, na kwake jumla ni asilimia 2 pamoja na asilimia 3 ya zile 98 zilizobaki, yaani karibu 4.94. Lakini ukitaka kuipunguza jumla hiyo, lazima ujue unashughulikia kipande kipi. Kufuta kioo kunasaidia zile 2. Kusajili upya kunasaidia zile 3. Kufanya kimoja kwa matumaini ya kutibu kingine ni kujichosha.

Kipimo cha kutenganisha hakihitaji vifaa. Weka kidole chako kingine kilichosajiliwa. Kisha mwombe mtu mwingine aliyesajiliwa aweke chake. Yeye akipita na wewe ukakataliwa, skana inasoma vizuri kabisa. Tatizo ni kiolezo chako au ngozi yako ya siku hiyo. Wote mkikataliwa, safisha kwanza. Kama hakuna taa, mlio wala mtetemo wowote, hata wa kukataa, basi hujafika kwenye kusoma; tafuta umeme, waya au draiva. Kwenye simu ya mtu mmoja, jaribu kusajili kidole kipya: duara la usajili likisonga mbele, skana inasoma.

Kutoonekana, yaani mfumo kutojua kwamba kuna kifaa, ndilo tatizo rahisi kulitambua, na mara nyingi husingiziwa uchafu. Kwenye Windows, fungua Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta, utafute kundi la Biometric devices. Kundi hilo lisipokuwepo kabisa, angalia mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, kama skana imezimwa huko, kisha weka draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta hiyo, kwa modeli hiyohiyo. Ikiwa skana hufanya kazi ukishawasha mashine lakini hupotea kila kompyuta inapoamka usingizini, tazama sifa za kifaa, sehemu ya Power Management, uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kukizima ili kuokoa umeme. Na unapojaribu, chagua Restart, si Shut down: kwenye mashine zenye Fast Startup, kuzima kwa kawaida huhifadhi hali ya mfumo na madraiva badala ya kuanza upya, kwa hiyo hitilafu hurudi nayo.

Skana ya nje ya USB ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kigawanyio. Waya wa USB 2.0 una kikomo cha mita 5. Ukiunganisha vipande viwili vya kurefusha ili kufika mezani kwa mhudumu, skana huwaka taa, hupotea, huwaka tena, na lawama huenda kwa vidole vya watu. Jambo moja zaidi: baadhi ya kompyuta za Windows 11 zina ulinzi ulioimarishwa wa kuingia, na ulinzi huo ukiwashwa unaweza kuzuia skana za nje. Skana hapo ni nzima.

Sasa kutosoma kwenyewe. Skana nyingi hupiga picha yenye vitone 500 kwa inchi, yaani kitone kimoja kwa takriban milimita 0.05. Tuta hadi tuta kwenye kidole ni karibu nusu milimita. Kwa hiyo tuta moja pamoja na bonde lake hupata vitone kama kumi tu. Utando mwembamba wa mafuta au losheni unatosha kuvuruga hivyo.

Namna picha inavyoharibika hutegemea aina ya skana. Ile ya kapasitansi, iliyo kwenye vitufe vya simu na kompyuta nyingi za mapajani, hupima tofauti ya umeme kati ya tuta linalogusa na bonde lisilogusa. Ngozi kavu mno hufanya matuta yaonekane yamekatikakatika. Ngozi yenye maji hujaza mabonde, na picha ikawa doa moja. Kausha kidole, au kikiwa kikavu mno kisugue kwenye kiganja kisha ujaribu. Kama simu iko kwenye chaji, ichomoe ujaribu tena, maana chaji duni huingiza kelele ya umeme kwenye kihisi cha aina hii. Skana ya mwanga chini ya kioo cha simu hukimulika kidole kwa skrini yenyewe, kwa hiyo mikwaruzo na protekta nene huisumbua. Ile ya mawimbi ya sauti hupita vizuri kwenye kitu kigumu lakini hugonga ukuta penye hewa. Protekta ya kioo yenye gundi pembeni tu huacha hewa katikati, palepale skana ilipo. Bandua, jaribu, na ikisoma umeshajua mkosaji.

Kusafisha: kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kilichonyunyiziwa kidogo alkoholi ya isopropili ya asilimia 70. Alkoholi iende kwenye kitambaa, isimwagwe kwenye kifaa. Asetoni hapana, karatasi ngumu hapana. Skana za mezani zenye utando laini wa silikoni juu ya kioo zina utaratibu wake: alkoholi huuharibu utando huo, na njia salama ni kubandika na kubandua selotepu taratibu ili ing'oe uchafu. Skana za mwanga zisizo na kivuli zinapopigwa na jua la moja kwa moja nazo hushindwa. Zigeuze kabla ya kuzifungua.

Kutotambua ndiko kunakodai maelezo marefu, kwa sababu hapa kila kitu kinafanya kazi na bado mtu anakataliwa. Kiolezo ni kumbukumbu ya kidole jinsi kilivyokuwa siku ya kusajili, na mara nyingi siku hiyo mtu aliweka kidole kwa uangalifu, katikati, akiwa ameketi. Siku za kawaida anaweka ncha tu, kwa pembe, simu ikiwa mkono mmoja. Vihisi vya simu ni vidogo kuliko kidole, hivyo kila mguso huonyesha kipande tu. Ndiyo sababu ya kuombwa kugusa mara nyingi wakati wa usajili. Aliyegusa palepale mara zote amesajili kipande kimoja. Anayesajili vizuri huzungusha kidole kidogo kidogo, huonyesha kingo na ncha, na hukishika kifaa jinsi anavyokishika kila siku. Kidole gumba kinachotumika zaidi kinaweza kusajiliwa mara mbili kwenye nafasi mbili, mfumo ukikubali. Protekta mpya ikibandikwa, futa alama za zamani usajili tena ikiwa juu. Na kama simu ina mpangilio wa kuongeza wepesi wa mguso kwa ajili ya protekta, uwashe kwanza.

Ngozi nayo hubadilika. Saruji, sabuni kali na kazi ya mikono hulainisha matuta. Dawa ya saratani iitwayo capecitabine inajulikana kwa kuweza kufifisha alama za vidole. Watu hawa wasajiliwe vidole vya mkono wanaoutumia kidogo, na wawe na njia ya pili ya kuingia, PIN au kadi.

Kwenye mashine za mahudhurio kuna kipimo kizuri ambacho wasimamizi wengi hawakitumii. Mtu akiweka kidole tu, mashine humtafuta kati ya wote waliosajiliwa. Akiandika namba yake kwanza, mashine humlinganisha na kiolezo chake peke yake, na kizingiti cha ulinganisho huo, yaani kiwango cha chini cha kufanana kinachotosha kumkubali, kwa kawaida huwekwa chini zaidi, kwa kuwa hatari ya kumchanganya na mwingine ni ndogo. Akikubaliwa kwa namba na kukataliwa bila namba, picha yake inasomwa. Kiolezo ndicho dhaifu. Msajili upya. Kushusha kizingiti cha wote ili mmoja apite ni kufungua mlango kwa asiyehusika. Mwaka 2019 dunia iliona upande huo wa pili: Galaxy S10 ya Samsung ikiwa na baadhi ya protekta za silikoni ilifunguka kwa vidole visivyosajiliwa, hadi kampuni ikatoa sasisho mwezi Oktoba. Skana ile ilikuwa "inasoma" vizuri sana.

Wakati mwingine kinachoharibika ni hifadhi ya violezo. Kwenye Windows, simamisha Windows Biometric Service, nakili folda ya C:\Windows\System32\WinBioDatabase mahali salama, futa mafaili yaliyomo, anzisha huduma tena, kisha sajili upya. Hilo hufuta vidole vya watumiaji wote wa mashine hiyo, kwa hiyo waambie kabla. Skana zinazohifadhi violezo ndani ya chipu yake zina kisa tofauti: ukiweka mfumo upya, violezo vya zamani hubaki kwenye chipu bila mwenyewe, na usajili mpya unaweza kukataliwa kwa jibu la enroll-data-full, yaani hifadhi imejaa. Hapo unafuta cha zamani. Hakuna cha kutengeneza.

Na kuna kukataliwa kusiko hitilafu hata kidogo. Kwa kawaida Android husitisha skana kwa sekunde 30 baada ya makosa 5, na yakifika 20 hudai PIN. Hata bila kosa, hudai PIN angalau kila saa 72. Touch ID, skana ya simu za Apple, hudai namba ya siri baada ya simu kuwashwa upya, baada ya makosa 5, au ikipita saa 48 bila kufunguliwa. Baada ya matengenezo pia: kitufe cha Touch ID kimeunganishwa na chipu ya usalama ya simu ileile, kwa hiyo kitufe cha kuazima, hata kikibonyezeka, hakitatambua kidole. Baadhi ya simu zenye skana chini ya kioo nazo huhitaji kusawazishwa kwa programu ya mtengenezaji kioo kikibadilishwa.

Basi ukimpigia fundi, mtajie maneno yaliyotokea kwenye skrini kama yalivyo, pamoja na nani alipita na nani hakupita. "Haisomi" libaki pale ambapo kidole cha yeyote hakitoi picha inayofaa. Kama mashine haipo kwenye orodha ya vifaa, haionekani. Na yule mmoja anayekataliwa huku wengine wakipita mara nyingi hajafutika alama, kama anavyoambiwa mara kwa mara mbele ya foleni; hajatambuliwa tu, na kiolezo chake kinasubiri kusajiliwa upya.